Mkono Uliojibu Kabla ya Kuulizwa

Kijiko kilikuwa bado juu ya meza. Hanka alikiona kwa macho yake mwenyewe, kimelala kando ya sahani ya supu ya viazi, na hakuna aliyekuwa amekigusa. Lakini mkono wa kulia wa mumewe ulikuwa umekwisha kushuka chini ya ukingo wa meza, kiganja wazi, umetulia kama mkono wa mtu anayekinga maji bombani. Leberecht mwenyewe alikuwa ametazama dirishani, akisimulia habari za farasi aliyeanguka mtaani kwa joto. Ndipo Mato, mtoto wao mchanga aliyekuwa amepakatwa na mama yake, alipopiga teke. Meza ikatikisika, kijiko kikateleza, kikaanguka, kikatua kiganjani.

"Umejuaje?" Hanka akauliza.

"Nimejua nini?"

Hanka akamwonyesha kwa kidevu. Leberecht akautazama mkono wake, akakiona kijiko, akashangaa kama mtu aliyekuta kitu cha jirani mfukoni mwake. Kisha akacheka. Alisema kazi yake imemnoa, huenda karibuni akaanza kukamata panya kabla hawajatoka shimoni. Hanka naye akacheka, kwa kuwa ilikuwa Jumapili, na nje kengele za saa sita zilikuwa ndiyo kwanza zimenyamaza.

Kazi ya Leberecht Uhlig ilikuwa ngumu kumweleza mtu. Alipima upesi wa akili. Rafiki yake Egbert Pohle, mwana wa tajiri wa manyoya pale Leipzig, alikuwa amechukua vyumba viwili juu ya ghala la ngozi la baba yake akavijaza vyombo. Palikuwa na saa ya shaba iliyoigawa sekunde moja vipande elfu. Iliendeshwa na jiwe zito lililoning'inia kwenye kamba, na ilipokimbia ilivuma kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kibuyu. Palikuwa na pipa dogo lililovishwa karatasi iliyofukizwa masizi, likizunguka polepole huku sindano ikichora juu yake mawimbi meupe. Chumba cha ndani kilizibwa madirisha yote. Humo aliketi mmoja wao gizani, kidole juu ya kitufe, na mbele yake nyundo nzito ya chuma iliyoshikiliwa juu kwa umeme. Mwenzake aliyekaa chumba cha nje aliukata umeme, nyundo ikaanguka juu ya fuawe, to. Aliyekaa gizani akiisikia tu alibonyeza, ka. Saa ikaonyesha ni vipande vingapi vya sekunde vilipita kati ya to na ka. Basi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, siku baada ya siku.

Desturi yao ilikuwa kubadilishana viti, leo wewe gizani, kesho mimi. Lakini mkono wa Leberecht ulikuwa mwepesi mno, hata Egbert akaona haya kuketi tena mwenyewe, akamwacha mwenzake gizani mwaka mzima. Na waliichagua saa ya adhuhuri. Kati ya saa sita na saa saba mtaa wote wa manyoya ulikwenda kula, mikokoteni ikasimama, sakafu ikaacha kutetemeka, na vyombo vile, ambavyo hata kikohozi cha mlangoni kiliviharibia hesabu, vikapata kimya.

Hanka hakuipenda saa hiyo. Alizaliwa mashariki, kwa kabila la Wasorbi, kwenye mashamba ya kitani, na kwao hakuna aliyethubutu kufanya kazi jua likiwa utosini. Alimwambia mumewe hivyo walipokuwa wachumba. Leberecht alimjibu kwa upole kwamba chumbani kwao hamna shamba wala jua.

Jumapili iliyofuata walikuwa tena mezani. Hanka alikuwa ameazimia kumwambia jambo lililomkaa moyoni muda mrefu, kwamba mambo ya Egbert ni mchezo wa mtoto wa tajiri, na baba mwenye mtoto atafute kazi ya shule. Alivuta pumzi. Alifungua mdomo. Kofi likampata mdomo ukiwa bado mtupu, likamtupa pamoja na kiti, na Mato akabiringika kutoka mapajani mwake hadi kwenye zulia.

Alipoinuka, damu ikimchuruzika kidevuni, alimkuta Leberecht ameketi vile vile, uma ungali mkono wa kushoto, uso umemsawijika kama mtu aliyeletewa habari ya msiba.

"Hanka, Mungu ni shahidi yangu. Sijui hata ulitaka kusema nini."

"Mkono wako ulijua," Hanka akasema.

Leberecht akaukalia ule mkono. Aliukalia hadi kengele ya saa saba ilipolia, na wakati wote huo Hanka aliuona ukifurukuta chini ya paja lake kama kuku aliyefunikwa tenga.

Kesho yake asubuhi, kwenye bomba la uani, Hanka alikutana na Mina Kokot. Mina alikuwa Msorbi mwenzake, mwanamke wa makamo aliyemnyonyesha mtoto wa mwenye nyumba, na ulimi wake haukuwa na mfupa. Alimtazama Hanka mdomo uliovimba, akaweka ndoo chini.

"Mumeo amekupiga, au mlango wenu umejifunza ngumi?"

Hanka akamwambia ni mlango. Mina akasema milango ya wasomi ni mibaya kweli, inapiga na kuomba radhi. Lakini Hanka aliposhindwa kujizuia akaeleza kwamba kofi lilitangulia neno, Mina hakucheka tena. Aliuliza jambo moja tu: ilikuwa saa ngapi? Alipojibiwa, akachukua ndoo yake ikiwa nusu, akaenda zake bila kuaga.

Adhuhuri hiyo Hanka alimwacha Mato kwa binti wa jirani, akaenda maabara kumsihi Egbert ampe mumewe likizo. Ngazi zilinuka ngozi mbichi na kafuri. Juu, Egbert alimpokea kwa kidole mdomoni, akamwonyesha kiti. Alikuwa kijana mnene, mcheshi, mwenye masharubu yenye masizi. Saa ya shaba ilikuwa inavuma. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa umefungwa.

Hanka akasikiliza. Ka. To. Kikapita kimya. Ka. To.

Alidhani amekosea, akasikiliza tena. Kitufe kilikuwa kinatangulia. Nyundo ilikuwa ikifuata nyuma kama mtumwa.

"Usiniangalie hivyo, shemeji," Egbert akanong'ona. "Ni wahaka tu. Kila mtu hupata majibu ya mapema. Tunayafuta."

Hiyo nayo ilikuwa desturi ya kazi yao. Jibu lililokuja kabla ya swali halikuwa jibu, lilikuwa makapi, nayo makapi hupepetwa. Egbert alikiri kwamba kwanza yalikuwa machache, na kwamba tangu joto lilipoanza alikuwa akifuta karibu yote. Hakuona tabu kumwambia, kwa kuwa hakuona kwamba anasema neno la kutisha. Ili kumtoa hofu akaanza kuchanganya nafasi, mara aiangushe nyundo haraka, mara akawie. Ka likatangulia. Akaweka kidole juu ya swichi akijifanya anataka kukata, kisha akakiondoa. Ndani kimya. Akafanya hivyo tena na tena, anadanganya, na ndani kimya; na mara ile moja alipoazimia kweli moyoni, kabla kidole chake hakijasogea hata unywele, ka.

Egbert alicheka kidogo, kisha cheko likamfia shavuni. Alisema kitufe kimeharibika, ngoja akitoe. Akashika kitasa.

"Usiingie, Egbert." Ilikuwa sauti ya Leberecht kutoka gizani, ndogo, ya mtu anayezuia pumzi. "Ndugu yangu, kaa huko huko. Unakuja kuniondolea kitufe, na mkono unajua."

Egbert aliingia. Hanka alisikia kiti kikianguka, halafu chuma juu ya kitu kisicho chuma, halafu yowe. Naye akakimbilia humo, na kwa mwanga uliopenya mlangoni akaona mkono wa kulia wa mumewe umeukamata mkono wa Egbert kifundoni, umeulaza juu ya fuawe, umeuachia huko ukiwa umekwisha kupondwa mara ya kwanza na shati limenasa kwenye pembe ya fuawe, na sasa umeshika mpini wa nyundo na kuipandisha, na kuishusha, na kuipandisha, huku Leberecht akiung'ang'ania kwa mkono wake wa kushoto na kwa meno, akilia, akiburutwa nao huku na huko kama mtu aliyeshika mkia wa ng'ombe, na vidole vya Egbert vikipasuka kimoja kimoja, kikavu, kama vijiti vya kuwashia moto, na damu ikiruka mpaka kwenye nyusi zao wote watatu. Hanka alimshika Egbert kiunoni akamvuta. Hakufaulu. Kengele ya kanisa ikalia saa saba, mkono ukaidondosha nyundo, ukaanguka kando ya kiti, mtulivu kama glavu.

Walifunga maabara siku hiyo hiyo. Egbert, vidole vyake viwili vikiwa vimekatwa na daktari, aliwaambia watu kwamba jiwe la saa lilimwangukia. Leberecht alikaa nyumbani, na Hanka alishukuru Mungu. Alidhani wamemfungia jini nje. Kumbe walikuwa wamemfungulia mlango wa ndani, kwa maana adhuhuri, aliyokuwa akiipitisha kule juu ya ghala, sasa Leberecht aliipitisha kando ya kitanda cha mwanawe.

Siku chache zilikuwa na amani. Mumewe aliketi akibembeza mtoto kwa mguu, mkono ule ameufunga kwa mshipi kiunoni. Hanka alikuwa jikoni akimenya viazi, na joto la mavuno lilikuwa limesimama chumbani kama mtu. Jambo alilolisikia kwanza lilikuwa harufu, harufu ya majani makavu yaliyoungua jua, harufu ya kwao. La pili halikuwa la kusikika. Mato hakuwa akilia. Aliwaza kwamba jana pia hakulia saa hiyo, wala juzi, na mtoto yule alikuwa mlizi kama paka. Kimya kingi kina mshindo mkubwa. Alikwenda chumbani na kisu mkononi.

Leberecht alikuwa amesinzia kwa joto. Mshipi ulikuwa sakafuni, umefunguliwa vizuri, bila kukatwa. Na mkono wa kulia ulikuwa umenyooka ndani ya kitanda, umemfunika mtoto pua na mdomo, kwa utaratibu, kwa upole hata, kwa sababu mtoto alikuwa anakaribia kulia na mkono ulikuwa umeshamjibu. Miguu ya Mato ilikuwa inapiga polepole. Midomo, pale ilipoonekana kati ya vidole, ilikuwa na rangi ya zambarau.

Hanka alikuwa amemzika mtoto mmoja, Lejna, kabla ya Mato. Hakufikiri. Aliuchoma ule mkono kisu, akakichomoa, akachoma tena, na haukulegea. Akauuma kidole gumba mpaka meno yakagota mfupa, na haukulegea. Leberecht akazinduka, akaona, akajitupa nyuma kwa uzito wake wote pamoja na kiti, na ndipo kiganja kikang'oka juu ya uso wa mtoto kama kiraka kinachobanduliwa. Mato akavuta pumzi yenye mlio wa mlango mbovu. Mkono, ukichuruzika damu, ukaanza kutambaa kwa vidole sakafuni ukimvuta mwenyewe nyuma yake.

Leberecht akaulalia. "Lete shoka," akasema, uso ukiwa umegandamana na mbao za sakafu. "Hanka, mama Mato, lete shoka uukate. Mimi nitakushikia."

Hanka akamnyakua Mato, akakimbia; shoka lilikuwa kwa Mina, aliyeliazima kwa kuni. Mina alimsikiliza mlangoni, akalitia shoka nyuma yake.

"Ukiukata atahamia wa kushoto," alisema. "Ukikata wa kushoto atahamia kwako. Humjui Bibi Adhuhuri, wewe uliyezaliwa kwenye kitani?"

Hanka alimjua. Alikuwa hataki tu kumtaja. Kwao kila mtoto alikatazwa kumtaja, yule Bibi mrefu, mweupe, mwenye mundu, ambaye humjia aliyebaki shambani saa ile, akamuuliza habari za kitani. Na asiyeweza kumjibu mfululizo mpaka saa saba ilie hukutwa amelala kifudifudi, shingo imesokotwa kama nguo iliyokamuliwa. Mina alisema Bibi yule hapendi shamba wala hachukii mji. Anapenda kujibiwa. Na wale mabwana wawili walikwenda wakaketi katika saa yake, gizani, kwa kimya, siku baada ya siku, wakijibu. Vijijibu vifupi, ka, ka, ka, kama kumtupia mbwa mwenye njaa mbegu moja moja. Njaa haikuisha. Ikawa anajitwalia mwenyewe kabla hajapewa.

"Sasa anataka jibu zima," Mina akasema. "Na ataagwa pale pale alipokaribishwa. Mumeo hajui kitani, atakufa kabla ya kupanda mbegu. Ni wewe."

Hanka akauliza kama akishindwa nini kitatokea.

"Mimi nina maziwa ya watoto wawili," Mina akajibu, akampokea Mato.

Kesho yake, kengele za saa sita zikilia, walikuwa chumba cha giza. Leberecht alikuwa amefungwa kwenye kiti kwa kamba za ghalani, miguu, kifua, mkono wa kushoto, na kitambaa mdomoni kwa ombi lake mwenyewe, asije akajibu kwa kupotea akili. Mkono wa kulia tu ndio ulioachwa huru, juu ya kitufe. Hanka aliketi karibu, magoti yakigusana. Nje Egbert, mkono ukiwa ndani ya bandeji, alilipandisha jiwe la saa ya shaba, akaufunga mlango.

Saa ikaanza kuvuma. Nyundo ikaanguka mara moja, to, na hakuna aliyeiangusha.

Joto likaja kwanza, joto la shamba, kavu, likapanda kutoka sakafuni chini ya sketi yake. Kisha harufu ya majani. Kisha mkono ukaondoka juu ya kitufe, ukapapasa kifua chake, ukapanda, ukamshika koo. Bibi hakuwa na mundu humo. Alikuwa na vidole vitano.

"Shamba hulimwa mara mbili," Hanka akaanza.

Alisema udongo hulimwa mara ya kwanza kabla ya theluji na mara ya pili ikiyeyuka. Alisema mbegu hupandwa mwezi ukiwa unakua, na mpandaji havai viatu. Aliogopa, na kwa kuogopa aliharakisha, kama mumewe, kama wote waliozoea chumba kile, na upesi akawa amefika kwenye palizi, na koo likabanwa akaona nyota. Akakumbuka kwamba Bibi hapendi vifupi. Akarudi nyuma. Akaeleza mbegu yenyewe, inavyoteleza mkononi kama samaki wadogo, na majirani waliokuja kupalilia wakitembea na upepo usoni ili mmea uliokanyagwa upate kuinuliwa tena na upepo. Vidole vikalegea.

Ndipo alipoanza kuutambua mkono ule. Kila mara maneno yalipokaribia kumwishia, yeye mwenyewe akiwa hajajua bado, akiwa katikati ya sentensi na anadhani ana mengi, mshipa wa kidole gumba ulishtuka kidogo juu ya koromeo lake. Ulikuwa mkono wa mapema. Ulijua kimya chake kabla yake. Basi kila uliposhtuka Hanka alijua kwamba mbele pana shimo, akaruka upande, akashika jambo lingine. Ulishtuka alipokuwa kwenye maua, akaacha kusema rangi yake akasema jinsi yanavyofunguka asubuhi na kudondoka yote jua likifika utosini. Ulishtuka kwenye mavuno, akasema kwamba kitani hakikatwi, hung'olewa na mizizi yake. Hivyo ndivyo alivyokwenda, akiongozwa na yule aliyekuja kumuua, kama kipofu anayeongozwa na mbwa wa jirani mkali.

Akasema, na saa ikavuma, na jasho likamwingia machoni, akasema jinsi vichwa vya mbegu vinavyopukutishwa kwa chanuo la mbao, na mabua yanavyolowekwa bwawani mpaka yanaoza na bwawa zima linanuka mzoga na samaki wanaelea matumbo juu, na yanavyotolewa na kuanikwa na kupondwa kwa mti juu ya mti mpaka magamba yanaruka, na kuchanwa juu ya misumari ambayo ilimtoboa shangazi yake kiganja mwaka wa mvua nyingi, na kusokotwa majira yote ya baridi na wanawake wanaolowesha uzi kwa mate yao hata midomo inakauka na ulimi unapasuka, kama ulimi wake sasa ulivyopasuka, na kufumwa, na kutandazwa majanini na kunyunyiziwa maji siku kwa siku mpaka jua linakinywa kijivu chote na kukiacha cheupe, na kukatwa, na kushonwa, na akafika kwenye shati, na shati likaisha, na kengele haikulia.

Hakuwa na neno. Kichwa kilikuwa tupu. Lakini mkono haukushtuka. Ulikaa shingoni mwake baridi, umetulia. Na Hanka akaelewa kwamba kama umetulia basi ana neno, ila halijamfikia. Akafungua mdomo akiliamini. Neno likaja. Akasema nguo nyingine zinazoshonwa kwa kitani, shuka za harusi, mito, vilemba vya Pasaka, nepi, na alipokuwa anataja nepi, sauti yake ikiwa imara, mkono ukabana kwa nguvu ambayo haujapata kuitumia, gumba likazama, kitu ndani ya koo kikalia kama ganda la yai.

Alijua shimo hilo ni lipi. Alijua kwa nini atanyamaza. Tangu siku ile hakuwa amelisema kwa mtu yeyote, hata kwa Leberecht aliyelibeba jeneza lile dogo chini ya kwapa.

"Sanda," akasema. Haikuwa sauti, ilikuwa hewa tu. "Sanda ya Lejna niliishona mwenyewe."

Akalisimulia. Alisimulia kwamba kitani kile kilikuwa cha sanduku lake la harusi, na mkasi uligoma, na aliikata kubwa kupita kiasi kwa sababu mikono yake ilikataa kujua udogo wa mtoto, ikabidi aikunje, akakunja mara nyingi, na kila kunjo alilitia mshono, akafanya kazi usiku kucha polepole kwa makusudi, kwa kuwa alijua akimaliza watamchukua. Hakuharakisha. Gizani mbele yake alisikia Leberecht akilia kupitia kitambaa. Na alisikia kingine, karibu na sikio, pumzi ya mtu mrefu aliyeinama ili asipitwe na neno. Vidole havikuwa vikibana tena. Vilikuwa vinasikiliza.

Kengele ikalia saa saba.

Saa ya shaba ikakatika kamba, jiwe likaanguka sakafuni kwa kishindo, na mvumo ukafa. Egbert alipofungua mlango aliwakuta wote wawili hai, mwanamke ana alama tano nyeusi shingoni, na mkono wa mwanamume umelala mapajani mwa mkewe, umekauka, mwepesi, wa rangi ya majivu. Haukufanya tena kazi yoyote maisha yake yote. Leberecht alijifunza kuandika kwa kushoto, akapata kazi ya shule, na wanafunzi wake walimpenda kwa sababu hakumharakisha mtu kujibu. Vyombo vilifungwa ndani ya masanduku yenye majani makavu vikauzwa kwa mabwana wa mji mwingine waliokuwa wanaanza kazi ile ile. Egbert aliwaandikia kuwaonya juu ya saa ya adhuhuri. Walimshukuru, wakasema ndiyo saa waliyokuwa wameichagua, maana ina kimya.

Mato alilia. Alilia asubuhi, alilia jioni, na majirani waligonga ukuta, na Hanka kila mara alisikiliza kilio chote mpaka mwisho kama wimbo kabla ya kumpa titi.

Ila lipo jambo alilomwambia Mina, bombani, majani yalipoanza kuanguka. Alisema siku hizi akiwa jikoni hujikuta amekwisha kufika kitandani kwa mtoto bila kujua aliinuka lini. Mtoto huwa bado amelala. Halafu ndipo hulia.

"Kila mama yuko hivyo," Mina akasema. "Maziwa ndiyo yanayojua."

"Basi mbona hunitazami?"

Mina akasema ndoo imejaa.

Siku ya pili yake kengele za saa sita zilimkuta Hanka akimenya viazi. Ziliponyamaza, hakuwa tena jikoni. Alikuwa amesimama kando ya kitanda, na mkono wake wa kulia, ukiwa bado na maganda, ulikuwa umenyooka juu ya uso wa mtoto. Mato alikuwa amelala fofofo, midomo wazi. Hanka akaurudisha mkono, akaupeleka nyuma ya mgongo, akaukamata kifundoni kwa wa kushoto, akaukaza kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Akasimama hivyo, akimtazama mwanawe, akisubiri aanze kulia.